Pesa ya Vita

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwa mchonga funguo pale Makoroboi, nikimsubiri amalize ufunguo wa geti. Unga wa shaba ulikuwa ukimwagika juu ya gazeti alilotandika mapajani, na upepo wa ziwani ukanirushia harufu yake usoni. Ni harufu kali kidogo, inayokaa nyuma ya ulimi zaidi kuliko puani, kana kwamba umelamba kitasa cha mlango. Nililipa, nikavuka barabara, kisha nikajikuta mbele ya duka la vitenge, nisijue nilikuwa naelekea wapi. Kiganja kilikuwa kimefumba ule ufunguo kwa nguvu mpaka ukaniachia alama. Nilikuwa nimerudi Pasiansi, kwenye mawe ya nyuma ya nyumba yetu, na nilikuwa mtoto anayejiandaa kwa vita.

Wenzangu mliokulia huku mtaukumbuka ule mwaka watu walipoacha kula samaki. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa sato na sangara. Alfajiri alishuka mwaloni, kwa wavuvi, kununua, na jua likichomoza alikuwa ameshajitwisha beseni kwenda kuuza Mirongo. Tuliishi naye mimi na Bibi Milembe, mama yake baba. Baba mwenyewe alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, lakini miaka ile maneno mapya yalikuwa yameingia mjini, soko huria, ubinafsishaji, kupunguzwa, na kila neno lilipopita mtaani liliacha mtu nyumbani. Niliposikia baba amepunguzwa nilimchunguza kwa makini alipokuwa akinawa mikono, nione ni sehemu gani wamemkata. Alikuwa mrefu vilevile. Mwezi uliofuata akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akapanda gari la Geita, na mimi nikaambiwa kwamba ili kufika huko mtu huvuka maji kwa pantoni pale Busisi.

Kwa hiyo kwangu mimi Busisi lilikuwa jina la mlango. Huku tulikuwa sisi, kule alikuwa baba, na katikati maji.

Kisha beseni la mama likaanza kurudi limejaa. Siku ya kwanza alisema soko lilikuwa baya. Siku zilizofuata likarudi vilevile. Aliwapasua wale samaki, akawatia chumvi, akawaanika juu ya bati, na nzi wakawa wengi uani kuliko kuku. Watu wazima walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na sisi watoto tukisogea wananyamaza au wanatutuma maji. Jioni moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikipepea mkaa, nikamsikia jirani yetu Mama Sophia akimwambia mama:

"Wanakuja na maji, dada yangu. Wa upande wa Kagera wamewaona."

"Wengi?"

"Wengi kupita kiasi. Eti vita vya huko Rwanda."

Leo najua walichokuwa wakikisema. Walioletwa na maji walikuwa ni watu waliouawa, mto ukawabeba mpaka ziwani, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kumpeleka samaki mdomoni, hata sisi tuliokuwa mbali na ule mto. Lakini mimi niliyasikia maneno kama yalivyosemwa. Wanakuja na maji. Nikaona jeshi zima linaogelea, vichwa vimejaa ziwani kama magugu maji, bunduki zimeinuliwa juu zisilowe. Kila nilipotoka shule nilipanda mawe ya nyuma ya nyumba, nikaketi kwenye jiwe la juu kabisa, nikawatafuta. Niliona mitumbwi, niliona mnandi, wale ndege weusi wa majini, wakizama na kuibuka. Jeshi sikuliona, na hilo halikunituliza. Nilifikiri tu kwamba limepitia Busisi.

Ni katika siku hizo nilipomwuliza Bibi kuhusu vita. Tulikuwa mkekani tukichambua choroko, yeye akitoa mawe kwa kupapasa maana macho yalikuwa yameanza kumtupa.

"Bibi, wewe umewahi kuona vita?"

"Kuona sijaona. Vile vikubwa vya wazungu vilipiganwa mbali. Lakini vilitufikia kwa njia nyingine." Akacheka. "Vilifukuza pesa."

"Pesa zilikwenda wapi?"

"Nani ajuaye? Zilikimbia. Ukienda kuuza pamba, mnunuzi anakwambia sina hata senti ya kukupa, meli haijaleta. Sasa kulikuwa na Mhindi mmoja wa pamba, sisi tulimwita Bwana Mizani kwa sababu hakuachana na mizani yake hata akila. Alikuwa na duka kubwa. Yeye akaona watu watakufa njaa na pamba itaoza, akachukua shaba, akakata pesa zake mwenyewe. Ngoja."

Akafungua fundo la kanga pale kiunoni anapofungia ugoro, akanitilia kiganjani kitu kidogo cha mviringo, kipana kama shilingi, chenye tundu katikati. Upande mmoja kulikuwa na mizani iliyogongwa kwa nyundo, imekaa upande kidogo. Upande wa pili kulikuwa kutupu. Nilikinusa. Ilikuwa ni ile harufu.

"Kimizani," Bibi alisema. "Unauza pamba, unapewa vimizani. Unakwenda dukani kwake unapata chumvi, mafuta ya taa, hata kitambaa. Mwenye navyo alikula chumvi, asiyekuwa navyo alikula mlenda mtupu. Vilikubalika kila mahali, mke mwenzangu. Hata wenye mitumbwi pale Busisi walivipokea. Unatoa kimizani, unavushwa."

Alikuwa akinisimulia ujana wake, mzigo wa pamba kichwani, wasichana wakiimba njiani. Alitaka nicheke, na mimi nilicheka. Lakini ndani yangu jambo lilikuwa limeshafungwa na kukazwa. Vita vikija, shilingi hukimbia. Baba yuko ng'ambo. Askari wakishika Busisi, hizo noti anazotafuta Geita hazitamvusha, kwa maana wenye vita wana pesa yao. Nami nimeiona pesa hiyo kwa macho yangu.

Nikaanza kuikusanya.

Mtu akianza kutafuta kitu hukiona kila mahali. Vimizani vilikuwa vimetuzunguka siku zote, ila vilikuwa vimejificha kwenye kazi nyingine. Fundi baiskeli wa njia panda alikuwa amekitia kimoja kwenye baiskeli yake kama washa ya kukazia nati. Bibi mmoja wa kanisani alikishona kwenye kamba ya mkoba. Kwa Mama Sophia kilikuwa kimepigiliwa msumari kwenye mlango wa banda la kuku ili msumari usipenye bati. Mzee mmoja mvuvi pale ufukweni alikuwa amevifunga kwenye kingo za nyavu pamoja na vipande vya risasi, vikazama na kuibuka naye miaka yote hiyo.

"Utaipeleka wapi washa yangu, wewe mtoto?" fundi baiskeli aliniuliza.

"Ni pesa, baba."

"Pesa?" Alikifuta grisi, akakitazama kama anakiona mara ya kwanza. "Basi kaninunulie soda."

Alicheka mpaka mteja wake akacheka, lakini nilipompigia pampu magurudumu kwa juma zima baada ya shule, alitafuta washa nyingine akanipa ile. Bibi wa kanisani nilimchotea maji. Kwa Mama Sophia nilifagia uwanja. Yule mvuvi alikuwa mgumu zaidi, na hatimaye alikubali kubadilishana kwa utepe wangu wa Krismasi, mwekundu, ambao alisema atamfungia mjukuu wake. Nilizoea mkono wangu kunuka shaba. Nilivisugua kwa majivu na ganda la limau mpaka mizani ikaonekana, kisha nikavitia kwenye kopo la maziwa na kulificha kwenye ufa wa mawe, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupenyi. Bibi nilimwomba chake mara moja. Alisema hicho atazikwa nacho, nikamwacha.

Wakati huohuo baba alikuwa kimya. Zamani alitutumia salamu kwa kondakta wa gari la Geita, pamoja na pesa kidogo iliyokunjwa kwenye karatasi ya sigara. Sasa mama alikwenda stendi, akarudi mikono mitupu. Aliacha samaki, akaanza kuuza nyanya na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Usiku nilimsikia Bibi akimtaja mwanawe kwenye sala, kwa jina lake la utoto.

Ndipo Mama Keza akaletwa kwetu.

Paroko alikuwa ameomba familia zenye nafasi zijitolee. Sisi hatukuwa na nafasi, ila mama alinyoosha mkono. Alirudi kutoka kanisani akiwa na mwanamke mwembamba, mrefu, aliyevaa gauni la mitumba lililompwaya, na msichana mdogo aliyemshika mama yake pindo badala ya mkono.

"Huyu ni Mama Keza, na mwanawe ndiye Keza," mama alituambia. "Wametoka Rwanda. Watalala chumba cha baba Kabula. Mtawasalimia, mtawapa maji ya kuoga. Lakini hakuna wa kuwauliza kitu. Umenisikia, Kabula?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia, na nilikuwa nateseka kwa hamu. Hapa chini ya bati letu alikuwamo mtu aliyetoka vitani kabisa, aliyejua bei ya kila kitu huko. Mama Keza alijua Kiswahili cha kutosha kusema asante, naomba, nisaidie. Alifua nguo za watu wote bila kutumwa. Alipokuwa akikamua nguo alitazama mbele, na mara nyingi aliendelea kuikamua nguo ambayo ilikuwa imekwisha maji. Nilikaa karibu yake na swali langu mdomoni, nikalimeza.

Keza alikuwa mdogo kwangu, bado hajaanza shule. Mama yangu alikwenda naye sokoni, na yale maneno machache ya Kiswahili aliyoyaokota yalikuwa ya huko: njoo, toa, haitoshi, chukua. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya wauza nyanya. Tulizoeana haraka. Nikampandisha mawe, nikampa kazi ya kupenyeza mkono wake mdogo kwenye ufa, na yeye akavuta lile kopo. Alifurahi sana. Alivimwaga juu ya jiwe, akavipanga, akakiinua kimoja jichoni na kuliangalia ziwa kupitia tundu lake. Nikamfundisha kucheza duka. Mchanga ulikuwa chumvi, majani ya mpapai yalikuwa kitambaa. Mimi nilikuwa Bwana Mizani na yeye alikuwa mtu wa pamba, na kwa siku kadhaa mchezo ulikuwa huo.

Kisha mchana mmoja nilirudi shuleni nikakuta ameanza bila mimi. Alikuwa amechukua kamba ya kuanikia nguo, ncha moja ameifunga kwenye shina la mpapai, nyingine ameishika mwenyewe, ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Kamba ilikuwa imekata uwanja katikati, upande huu geti, upande ule mlango wa nyumba. Lile kopo nilikuwa nimeliacha naye. Alilisukuma kwa mguu mpaka kwangu.

"Toa," alisema.

Nikafikiri ameufungua upya mchezo wa duka. Nikachukua kimizani, nikampa. Alikitazama mbele na nyuma, akakiweka pembeni yake.

"Haitoshi."

Nikampa kingine. Alifanya vilevile, bila haraka.

"Haitoshi."

"Unauza nini, Keza? Chumvi?"

"Toa."

Nikaendelea kutoa. Nilicheka mwanzoni, kisha nikaacha, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine, mtu mzima aliyechoka na asiyekuwa na hasira. Alipoona nimesita alinionyesha kidole miguuni. Nikavua viatu vyangu vya shule nikampa. Akavipanga vizuri kando ya vimizani. Nikageuza kopo na kumwonyesha kwamba lilikuwa tupu.

"Haitoshi," Keza alisema, na akaikaza kamba.

Nilisimama pale na soksi zangu kwenye vumbi, na nikaelewa. Sikuelewa yaliyowapata, hayo niliyajua ukubwani, na hata sasa nayajua kwa sehemu tu. Nilielewa kwamba yeye alikuwa ameipita kamba kama hiyo njiani, imeshikwa na wenye vita, na kwamba miezi yangu yote ya kusugua shaba isingemvusha baba hata hatua moja. Nilianza kulia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa mgongoni.

Kilio kikawatoa. Mama alitoka jikoni na mwiko, na nyuma yake Mama Keza, mikono ina povu. Mama Keza aliiona kamba. Aliviona viatu vilivyopangwa. Akaketi chini palepale kizingitini na kujifunika uso kwa mikono ile ya povu. Mama yangu hakujua aende kwa nani. Keza alitutazama sote, na kamba hakuiachia. Nadhani hakujua namna ya kuiachia.

Bibi Milembe ndiye aliyeinuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wangu wa geti, akiota jua. Alikuja polepole na fimbo yake, akipapasa njia, mpaka kamba ikamgusa tumboni. Akasimama.

"Hodi," alisema.

Keza alimtazama. "Toa," alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sina kitu, mjukuu wangu."

"Toa."

Bibi akapeleka mkono kiunoni kwenye lile fundo la kanga, na mimi nikajua kinachokuja, kile kimizani cha kuzikwa nacho. Lakini mkono ulirudi mtupu. Akaukunjua mbele ya Keza, akamwonyesha kiganja chote, mikunjo yake yote.

"Mimi ni bibi yako," alisema. "Hapa ni nyumbani kwangu, na ni nyumbani kwako. Mtu hatoi kitu kuingia kwao. Nifungulie nipite."

Sijui Keza aliyaelewa maneno mangapi. Alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukashuka kidogo kidogo, na kamba ikalala chini. Bibi aliivuka, akanivuta na mimi, nikaivuka na soksi zangu. Alipofika upande wa pili alimpa Keza mkono, akamwinua kutoka kwenye kinu, wakaenda pamoja hadi pale mama yake alipokuwa ameketi.

Jioni ile nilimweleza Bibi kila kitu, jeshi la kuogelea, pesa ya Busisi, baba. Hakunicheka. Alisema aliniambia nusu tu ya habari, kwa sababu nusu ya pili haikuwa nzuri kusimulia. Bwana Mizani alikuja kufilisika na kufunga duka, na vimizani vikafa mikononi mwa watu. Mama yake Bibi alikuwa amejaza kibuyu kizima, kazi ya misimu yote ya vita, na aliendelea kukitikisa kile kibuyu hadi uzeeni kusikiliza kama bado kimejaa.

"Sasa wewe chako ulikiweka cha nini?" nilimwuliza.

"Kwa ajili ya mama yangu," alisema. Akaongeza, "Na baba yako hajashikwa na askari yeyote. Ameshikwa na aibu. Hajapata dhahabu, anaona haya kurudi. Kesho mama yako atampelekea maneno yangu."

Sijui maneno yenyewe yalikuwaje. Mama aliyapeleka stendi kwa mdomo, kwa kondakta.

Vimizani nilivirudisha kwa wenyewe. Fundi baiskeli alikataa chake, akasema ile washa mpya ni nzuri zaidi. Mvuvi alivipokea vyake, na utepe hakurudisha. Mama Keza na mwanawe walikaa nasi mpaka nilipovuka darasa, kisha wakafuata ndugu zao waliopatikana Uganda, na habari zao ziliishia gatini, meli ilipong'oa nanga na Keza akipunga mkono kwa nguvu zote kana kwamba anafukuza ndege shambani. Bibi alifariki baada ya miaka michache, na kile kimizani tukamfungia kwenye kanga kama alivyotaka.

Lakini kabla ya hayo yote baba alirudi. Tulikuwa tunakula mchana uani aliposukuma geti, amekonda, nywele zimejaa vumbi jekundu, mkononi ana ule mfuko wa salfeti na kuku mmoja. Alimwamkia mama yake kwanza, akapiga goti. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampapasa masikio na shingo kama anayemtafutia jeraha. Mimi nilisubiri zamu yangu, na ilipofika nilisahau shikamoo.

"Baba, pale Busisi walikudai nini?"

"Nani?"

"Wenye kamba."

Alimtazama mama, na mama akatikisa kichwa kumwambia asiulize.

"Hakuna kamba, mwanangu. Nimelipa nauli ya pantoni kama watu wengine, nikapanda, nikavuka."

Keza alikuwa ameketi pembeni yangu na tonge mkononi. Alikuwa hajamwona mtu huyu kabla, na kwa kawaida wanaume wageni wakiingia alihamia nyuma ya mama yake. Safari hii hakuhama. Alimtazama baba moja kwa moja.

"Wote?" aliuliza.

Baba alichuchumaa mbele yake, na kuku akapiga mabawa.

"Wote," alisema. "Watu, magari, wenye mizigo na wasio na mizigo. Hata mbuzi walivuka."

"Mbuzi?"

"Mbuzi, wengi. Mmoja alikula tiketi ya mtu."

Keza alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko yeye, cha kifua kizima, na tonge likamdondoka. Kisha akainuka akakimbia jikoni kwa mama yake, na tukamsikia akimsimulia kwa lugha yao, haraka haraka, bila kupumua. Maneno sikuyajua. Ila katikati yake, tena na tena, lilikuwamo moja nililolijua, mbuzi, na kila alipolifikia alisimama kidogo amngoje mama yake acheke.